Mtoto kazaliwa Alhamisi usiku, kwa nini aitwe Juma?

"Shikamoo mwalimu. Wiki mbili zilizopita nimejifungua mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, siku ya Alhamisi saa mbili na nusu usiku. Mume wangu ni Mwislamu, mtu wa Pangani. Mimi ni Mlutheri wa Moshi, na tunaishi Dar es Salaam. Mama mkwe alipopigiwa simu tu akasema, 'Huyo ni Juma, kaja usiku wa Ijumaa, marehemu baba yenu karudi.' Mume akafurahi. Mimi nikanyamaza. Ijumaa ilikuwa kesho yake; kama jina ni la siku, si angeitwa Hamisi? Mtandaoni nimesoma kwamba Juma maana yake ni 'wiki'. Rafiki yangu wa ofisini anasema ni jina la dini, nikikubali nimeshamtoa mtoto kwangu. Mwingine kaniambia zamani lilikuwa jina la watumwa. Halafu kuna yule Juma wa vitabu vya hesabu, naogopa mwanangu asije akachekwa. Sasa mtoto analia sana usiku na mama mkwe anasema analilia jina lake. Cheti bado hatujachukua. Nisaidie nilielewe jina lenyewe kabla sijagombana na watu."

Marahaba mama, na hongera ya mwana. Nianze na lile uliloliweka karibu na mwisho, maana ndilo pekee lisilongoja. Mtoto wa wiki mbili kulia ni lugha yake: njaa, nepi, joto, au anataka tu kubebwa. Wapo wanaolia kila jioni saa zile zile na ni wazima kabisa. Lakini mtoto wa umri huo akichemka mwili, au akiwa wa baridi kuliko kawaida, akikataa ziwa, akilegea, akipumua kwa taabu, akipata degedege, au kitovu kikitoa usaha, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Mimi ni mwalimu wa lugha, si daktari; hata kama huoni dalili hizo, pita naye kliniki apimwe uzito na nesi amtazame. Habari ya kulilia jina nitairudia, ina maana yake, ila haishiki nafasi ya kliniki.

Sasa tuje kwenye siku. Wewe na mama mkwe wako nyote mnasema kweli, mnahesabu tu kwa kalenda mbili. Kalenda ya hospitali inageuza siku saa sita za usiku. Kalenda aliyokulia mama mkwe inageuza siku jua linapotua. Kwa hesabu hiyo usiku hutangulia mchana wake: magharibi ya Alhamisi ikiingia, Ijumaa imeshaanza. Ndiyo maana watu wa pwani husoma Yasini, sura ya Kurani, "usiku wa Ijumaa", nao wanakusudia jioni ile ambayo wewe ungeiita Alhamisi usiku. Ndiyo maana pia mwezi wa Ramadhani ukiandama, tarawehe huswaliwa usiku ule ule, kabla hata ya siku ya kwanza ya kufunga. Saa yetu ya Kiswahili nayo imebaki na alama ya hesabu hiyo: saa moja ya usiku ni saa ya kwanza baada ya jua kuzama. Waandishi wa habari nao huandika "usiku wa kuamkia Ijumaa" ili kila mtu aelewe. Mwanao kazaliwa saa mbili na nusu. Kwa hesabu ya bibi yake alikuwa ndani ya Ijumaa kwa zaidi ya saa moja. Angetangulia, tuseme saa tisa alasiri, huyo angekuwa Hamisi bila ubishi.

Na kwa kuwa umemtaja Hamisi, ngoja nikuoneshe jambo ambalo hunifurahisha kila ninapolifundisha. Zihesabu siku za wiki yetu kwa vidole. Jumamosi ni ya kwanza, maana "mosi" ni moja ya zamani. Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, Jumatano ya tano. Kisha inakuja Alhamisi, neno la Kiarabu, nalo maana yake ni "ya tano". Wiki moja ina siku mbili za tano, na ya sita haimo! Sababu ni kwamba Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, sisi tukaanza Jumamosi, siku inayoifuata Ijumaa. Tulipofika Alhamisi tukaliacha jina la Kiarabu kama lilivyo, na Ijumaa vivyo hivyo. Siku hizo mbili, Ijumaa na mkesha wake, zilikuwa na uzito wa ibada, hazikuguswa. Zile tano nyingine zilipewa namba tu.

Hapo ndipo unapoona kosa la ule mtandao. Kweli kuna neno "juma" lenye maana ya siku saba, tunasema "juma lijalo" au "mwisho wa juma". Lakini neno hilo limetokana na Ijumaa: watu walihesabu kutoka Ijumaa hadi Ijumaa, na nafasi ile ya katikati ikaitwa juma. Jina la mtu halikutoka kwenye maana hiyo. Hakuna mzazi aliyemtazama mwanawe akamwita "Wiki". Juma wa jina ni Ijumaa yenyewe, na dada yake, ndani ya lugha hii hii, ni Mwajuma, yaani Mwana Juma. Wapo pia wanaoandika Jumaa kwa a mbili na kuivuta mwishoni. Ni jina lile lile. Kiarabu kina sauti ya kooni ambayo Kiswahili hakikuipokea. Wengine waliidondosha, wengine wakaifidia kwa kurefusha irabu.

Ijumaa nayo maana yake nini? Mzizi wake wa Kiarabu unahusu kukusanya na kukusanyika. Ni siku ya watu kukutana. Katika mzizi huo Kiswahili kimevuna maneno mengi ambayo huyafikirii kuwa ndugu: jamaa, jamii, jumuiya, kujumuisha, mjumuiko. (Na moja la chumbani, ambalo nakuachia mwenyewe.) Kwa hiyo ukitaka kumweleza mwanao siku moja kwamba jina lake lina maana gani, usimwambie "wiki". Mwambie yeye ni mtoto wa siku ya kukusanyika.

Je, ni jina la dini? Rafiki yako wa ofisini amekaribia ukweli, ila ameupita kidogo. Siku imepata jina lake kutokana na swala ya Ijumaa, na sura ya 62 ya Kurani inaitwa kwa siku hiyo. Jina limefika pwani yetu pamoja na Uislamu, na wengi wanaolitumia ni Waislamu. Hayo sikatai. Lakini Juma si jina la nabii kama Yusufu, wala halimtaji Mungu kama Abdalla. Ni jina la siku, na majina ya siku husafiri bila kuuliza dini. Waghana humwita mvulana wa Ijumaa Kofi, na Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alizaliwa Ijumaa, tarehe 8 Aprili 1938. Hapo dini haimo kabisa. Wahausa wa Nigeria wanaye Danjuma, yaani mtoto wa Ijumaa, na jenerali maarufu wa nchi ile mwenye jina hilo, Theophilus Danjuma, ni Mkristo. Kenya, huko Budalangi kando ya Ziwa Victoria, mbali sana na misikiti ya Lamu na Mombasa, alizaliwa mwaka 1953 Calestous Juma, mwanazuoni wa sayansi na maendeleo aliyekuja kufundisha Harvard. Katika magharibi ya Kenya jina hili ni la kawaida kwa watu wa makanisa yote. Na wewe mwenyewe, mama, unapokwenda kwenye jumuiya ya mtaani kwenu, au unapofunga Ijumaa Kuu, unalitamka neno hilo hilo na kanisa halitikisiki.

Suala la mtoto kufuata dini ipi ni zito, nalo si la jina. Nakuomba msilifiche nyuma ya jina. Kama hamjalizungumza, kaeni wawili mlizungumze, kisha mkihitaji mmwone sheikh wa upande wake na mchungaji wa upande wako ana kwa ana. Nimewaona wanandoa wakigombania "Juma" au "Yohana" miezi mitatu, kumbe ugomvi wenyewe ulikuwa ubatizo na tohara ambavyo hakuna aliyethubutu kuvitaja.

Habari ya utumwa sitaki kuipitia juujuu, maana aliyekuambia hakuzua. Ukisoma orodha za wapagazi wa misafara iliyotoka Zanzibar na Bagamoyo katika karne ya 19, utawakuta akina Juma, Hamisi, Mabruki, Uledi, Ferahani, Baruti. Wengi wao walikuwa watumwa au waliokuwa watumwa. Mtu aliletwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa au Umanyema, mashariki ya Kongo, akiwa na jina la kwao, jina la Kiyao au la Kimanyema, na alipofika pwani akapewa jipya. Bwana hakumpa jina la ukoo wake mwenyewe. Hayo aliwawekea wanawe. Alimpa jina la siku, au la baraka kama Mabruki, au la kitu tu, kama huyo Baruti. Na mtumwa hakuwa na "bin fulani" ya kumfuata. Alikuwa Juma wa fulani, kama unavyosema shamba la fulani. Utumwa ulipopigwa marufuku, Zanzibar mwaka 1897, mwambao wa Kenya 1907, Tanganyika 1922, wapo waliolitupa jina la bwana na kujichagulia lingine walilodhani lina heshima zaidi. Pangani ya kina mumeo haikuwa pembeni ya hayo. Ilikuwa bandari ya misafara, na kando ya mto kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba waungwana nao waliitwa Juma. Oman wapo akina Juma mpaka leo, watu wa makabila yao na nasaba zao ndefu. Misri jina hilo hilo hutamkwa Gomaa, na Ali Gomaa alikuwa Mufti wa nchi ile kuanzia 2003 hadi 2013. Kwa hiyo jina peke yake halitoi ushahidi. Ukiniletea Juma wa mwaka 1870 bila jina la baba yake, siwezi kukuambia kama alikuwa huru au alinunuliwa. Na tuseme ukweli mwingine: hata kama babu wa babu wa mumeo alipewa jina hili na mtu aliyemnunua, tangu hapo limebebwa na watu huru, wakaoa nalo, wakazikwa nalo, wakawapa wajukuu kwa mapenzi. Mimi binafsi sioni aibu hapo. Lakini wapo watu wa pwani wanaoiona, hasa wazee, nao huifahamu historia hii bila kuisoma popote. Ukisikia mtu anamung'unya anapolisikia jina, utajua anamung'unya nini.

Juma wa vitabu vya hesabu asikunyime usingizi. Alikuwa na maembe kumi, akampa Asha matatu, akabaki na saba, hakuiba, hakufeli. Watunga vitabu walimchagua kwa sababu kila darasa lilikuwa na Juma. Watoto watacheka, maana watoto hucheka kila jina, na wakikosa la kucheka hutunga. Siku akija akilalamika, mwambie habari za Juma Ikangaa, Mtanzania aliyeshinda mbio za marathoni za New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, baada ya kushika nafasi ya pili Boston mwaka ule na mwaka uliotangulia. Mwaka uliofuata akashika tena nafasi ya pili Boston. Huyo hakuna aliyemuuliza maembe.

Nimesema nitarudi kwenye kulilia jina. Hapa ndipo nadhani hamjaelewana na mama mkwe. Wewe unamuuliza maana ya neno, yeye anakujibu maana ya mtu. Kwake Ijumaa ni nyongeza njema tu, dalili kwamba mambo yamekubaliana. Mtoto angezaliwa Jumanne asubuhi, nina hakika angelitaka Juma vilevile. Mjomba wangu anaitwa Ramadhani na alizaliwa Mfunguo Tatu, mwezi wa kuhiji, ambao kwa haki ungempa jina la Haji. Ramadhani alikuwa babu yake, basi. Zamani za kale mtu wa kwanza katika mnyororo alipata jina kwa siku au kwa mwezi. Waliomfuata walilipata kwa kurithi, na siku ikasahaulika. Ndiyo maana utawakuta akina Shabani waliozaliwa Rajabu na akina Hamisi wa Jumapili.

Mwenye jina lako pwani ni somo yako, na wapo wanaosema wajina. Si mfanano wa herufi tu. Bibi anaweza kumwita mjukuu "mume wangu", akamtania, akamdai sabuni na kanga, kwa sababu ameshika jina la marehemu. Mtoto huyo hachapwi ovyo mbele ya bibi. Na anapolia bila kisa, wazee husema analilia jina: yule mkubwa aliyetangulia anataka kukumbukwa, basi hutajwa majina mpaka mtoto anyamaze. Imani hiyo si ya pwani peke yake, bara nako utaikuta. Mimi naisikia hivi: ni mama aliyefiwa na mumewe anayesema "mimi ndiye ninayelia", ila adabu haimruhusu kulisema hivyo, basi analisema kwa kinywa cha mtoto. Inawezekana nimekosea. Lakini msikilize tena kwa sikio hilo.

Na wala si jambo geni kwako. Kwenu Uchagani nako mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili ndipo zamu ya upande wa mama. Ungemwambia mama yako mzazi habari hii bila kutaja Pangani wala Ijumaa, angesema, "Sasa tatizo liko wapi?"

Mna njia tatu, na kila moja ina gharama yake. Ya kwanza ni kumwita Juma. Hapo mjue kwamba vyeti vyetu hubeba majina matatu, la mtoto, la baba, la babu, kwa hiyo atakuwa Juma mwanzoni na Juma mwishoni, na jina la mumeo katikati. Watu wengi wameishi hivyo bila shida, ila makarani huwa wanauliza mara mbili kama hukukosea kujaza. Ya pili ni kumpa jina lingine, tuseme Elia, ambalo nyumba zote mbili zinalijua. Hata hapo Juma yumo kwenye cheti, jina la tatu. Lakini usimwambie mama mkwe kwamba hiyo inatosha. Jina la tatu haliitwi mtu jikoni, na yeye anataka kuliita. Ya tatu ni majina mawili: Elia kwenye cheti, Juma nyumbani, au kinyume chake. Pwani hili ni la zamani, watu wengi wana jina la nyumbani ambalo hata majirani hawalijui. Mimi ningeelekea huku kama la kwanza limekushinda kabisa, kwa sharti moja: amueni jina moja la karatasi na msilichanganye. Kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, shule, mitihani ya taifa (NECTA), kitambulisho cha taifa (NIDA), vyote viwe na herufi zile zile, hata Juma na Jumaa msizichanganye. Vinginevyo mtoto atafika chuo akikimbizana na wakili na hati za kiapo kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

Usiache hospitali ikawaamulia kwa kujaza chochote. Kwa upande wa Bara, usajili wa kawaida unatakiwa ufanyike ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, nawe umeshatumia kama 14. Bado mna muda. Nendeni na tangazo la kizazi mlilopewa hospitalini kwenye ofisi ya usajili ya wilaya, iliyo chini ya RITA, wakala wa serikali wa usajili, nanyi mwende mmeshakubaliana, kwa maana kugeuza jina baadaye kuna milolongo na ada zake.

Kabla ya siku hiyo, mpigie mama mkwe wewe mwenyewe, usimtume mumeo. Usimwulize kama ni lazima mtoto aitwe Juma. Mwombe akusimulie huyo Juma alikuwa mtu wa namna gani: alivua au alilima, alikuwa mkali au mcheshi, walikutana wapi. Mwache aongee mpaka salio likate. Kisha mwulize na huyo marehemu jina alilirithi kwa nani. Inawezekana sana naye hakuzaliwa Ijumaa.